Redio ya Ng'ambo ya Namanga

Vijana wangu, simu zenu zina sentensi moja inayowaudhi sana: kwamba kitu unachotaka kukitazama hakipatikani katika nchi yako. Mjukuu wangu akikutana nayo huirusha simu kwenye kochi na kuuliza ni nani huyo anayempangia. Mimi hucheka. Sentensi hiyo niliishi nayo miaka mingi kabla ya simu zenu, ila sisi hatukuisoma kwenye kioo. Sisi tuliambiwa kwa mdomo, na msichana wa Nairobi.

Naitwa Iddi, Mpare wa Usangi niliyekuja Arusha kutafuta maisha na maisha yakanikuta juu ya mapaa ya watu. Nilifunga madishi, antena na redio za setilaiti, Lemara, Njiro, Moshono, na vijiji vya mlimani ambako wanasema ukidondosha nyundo unaifuata kesho yake. Sasa magoti yamekataa ngazi, kwa hiyo nakaa chini na kuwaandikia ninyi mnaopanda. Mengine mnayajua kuliko mimi. Mengine hamyajui, na chuo cha ufundi hakiwafundishi.

Nianze na maji. Huku kwetu tuko karibu na ikweta, na baadhi ya setilaiti zimekaa karibu na utosi wa kichwa. Dishi linalozitafuta hulala chali, na dishi lililolala chali hukinga mvua. Mama mmoja wa Lemara aliniita mara kwa mara akisema televisheni yake ina malaria: mvua ikinyesha inakufa, jua likiwaka siku mbili inapona. Nilipanda na vipimo vyote, nikabadili waya, nikabadili kichwa cha dishi, nikashuka nikiwa na maelezo marefu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuja kuniangalia, akapanda bila kipimo chochote, akakuta kunguru wawili wanaoga. Akatoboa tundu dogo pale chini kabisa, maji yakatoka, ugonjwa ukaisha. Alipokuwa akishuka aliniuliza kama ninafuga ndege. Basi, toboeni tundu.

Jambo la pili ni miti. Mparachichi wa Moshono ukiupa misimu mitatu ya mvua utakuwa umefunika kile ulichokifunga kwa ustadi. Mteja atakuambia chombo kimeharibika, nawe utaamini kwa sababu mwaka juzi kilifanya kazi. Kabla hujafungua chombo, angalia juu. Na majani mabichi yaliyolowa ni mabaya kuliko makavu, kwa hiyo usiende kupima siku ya jua halafu ukajisifu.

Sasa redio za setilaiti. Wengi wenu hamkuziona. Kilikuwa chombo kidogo cha kukaa mezani, na antena yake ilikuwa kibamba bapa chenye ukubwa wa sahani ya chai, kimeunganishwa kwa waya. Hukuhitaji dishi. Ulikiweka kibamba dirishani, ukakielekeza kwenye setilaiti, na ukapata idhaa nyingi zenye sauti safi kabisa, bila ule mkwaruzo wa masafa mafupi. Chini ya bati haikushika, na ndani ya nyumba ilitaka dirisha la magharibi. Wenye dira walihangaika na dira. Mimi nilifundishwa njia nyepesi: mwezi wa tatu au wa tisa, simama uwanjani saa nane mchana, tazama jua lilipo kwa kupitia vidole. Hapo hapo ndipo setilaiti yetu ilipokuwa. Nilikariri mahali pale kwa kila mtaa, nikawa naelekeza kibamba bila kuangalia juu, na wateja wakadhani nina dawa.

Dawa hiyo ilinishinda mara moja tu, kule Njiro. Mgeni mmoja wa shirika la misaada alikuja na redio ya setilaiti kutoka kwao, mbali sana huko ng'ambo ya bahari kubwa, akaniambia imelipiwa kila kitu, kazi yangu ni kuitafutia mawimbi tu. Nilianza asubuhi. Nilijaribu dirishani, uwanjani, juu ya tangi la maji, juu ya ukuta. Mlinzi wake alinifuata na kiti kila nilipohama. Kufika alasiri nikampigia mzee wangu, naye akaniuliza swali moja: setilaiti ya huyo mgeni inaangaza wapi? Sikuwa nimeuliza. Ilikuwa inaangaza kwao. Huku kwetu haikutupa jicho hata kidogo, na mimi nilishinda kutwa nzima nikitafuta mwezi ndani ya kisima.

Ndipo nilipojifunza kutofautisha kutosikika na kutoruhusiwa. Kutosikika ni mambo ya anga: mawimbi hayafiki, usijisumbue. Kutoruhusiwa ni mambo ya makaratasi: mawimbi yanafika vizuri, tena bure yanakunyeshea kichwani, lakini kampuni imeuziwa haki ya kutangaza katika nchi fulani tu, na wewe uko nje ya nchi hiyo. Setilaiti haijui mpaka wa Namanga uko wapi. Inamwaga sauti Kajiado na Longido kwa pamoja. Wanaojua Namanga ni watu wa ofisini, na wao wana ufunguo. Kila redio ilikuwa na namba yake, na kwa namba hiyo walituma ruhusa kutoka juu. Wakiiondoa, redio inabaki kuwaka taa tu.

Kwa hiyo mteja akiwaletea chombo cha nchi nyingine, mwambieni ukweli kabla hamjashika bisibisi: kitasikika, lakini hakina ruhusa hapa, na siku kitakapozimwa hatakuwa na pa kulalamika. Mkisha kuelewana hivyo hamtagombana. Enzi zetu huduma ile iliuzwa Kenya na huku haikuuzwa. Watu wa Arusha walikuwa na ndugu Nairobi, ndugu ananunua kwa jina lake na anwani yake, redio inavuka kwenye begi la Krismasi, maisha yanaendelea. Mafundi tulijua, na wateja walijua kwamba tunajua.

Kampuni nayo ikaja kujua. Wakaanza kuwataka wateja wapige simu kwa laini ya Kenya, wathibitishe redio iko wapi. Asiyepiga kabla ya mwisho wa mwezi, anazimwa. Hapo ndipo ulipozaliwa ule utaratibu tuliouita kwenda kuchota mawimbi. Namanga ukisimama upande wetu, karibu na vibanda vya chai, laini ya Kenya inashika mtandao wa kwao. Unampeleka mteja pale, anapiga, huko Nairobi wanaona simu ya kwao, laini ya kwao, mtu anasema anaishi Kitengela au Ngong, mambo yamekwisha. Nilipeleka wengi. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, hadi nilipompeleka Mwalimu Aminieli.

Mwalimu Aminieli alikuwa Mchaga wa Machame aliyejenga Moshono alipostaafu. Alifundisha Kiswahili na historia sekondari, na alikuwa msomaji wa kupindukia; sebuleni kwake vitabu vilikaa kwenye makochi na wageni wakakaa kwenye viti vya plastiki. Halafu ikaja presha ya macho. Ilimnyang'anya kuona taratibu, kwanza pembeni, kisha katikati, hata ikafika siku hakuweza kusoma jina lake mwenyewe. Mkewe alikuwa ametangulia. Mpwa wake aliyeishi naye alikuwa muuguzi, mchana kutwa yuko kazini. Mwalimu alibaki na vitabu vyake, anavipangusa vumbi.

Mwanawe Elisante alikuwa akifanya kazi Nairobi. Desemba moja akaja na redio ya setilaiti, akaniita niifunge dirishani. Mwalimu akanipokea mlangoni kwa utani, maana Wapare na Wachaga ni watani. "Karibu Mpare. Leo hujaja kunishtaki?"

"Nimekuja kukufungia redio, Mwalimu. Ukikataa kunipa chai ndipo nitakushtaki."

"Ninyi mtu akila mbuzi wenu mnauza ng'ombe mpate nauli ya mahakamani."

"Na ninyi mkisikia sarafu imeanguka jirani, mgonjwa anaamka kitandani."

Tulikuwa hivyo kila tulipokutana. Katika zile idhaa alichagua moja na hakuiacha tena. Saa kumi jioni palikuwa na mtu anasoma kitabu kwa Kiswahili, sura kwa sura, kila siku ya kazi. Nilimwona Mwalimu siku ya kwanza akisikiliza. Alikaa wima kama mwanafunzi, mikono juu ya magoti, midomo ikifuata maneno. Kipindi kilipokwisha alishusha pumzi, akasema, "Fundi, nimesoma." Hakusema amesikia. Nami, sijui kwa nini, nilijishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Toka siku hiyo nilipitia kwake nikiwa na kazi upande ule, na mara nyingine nisipokuwa nayo. Walimaliza kitabu hiki, wakaanza kile. Halafu kikaja kile kitabu cha kifurushi. Kilimhusu mkuu wa stesheni ya reli aliyepokea kifurushi cha mtu aliyekwisha kufa. Hakuna ndugu aliyekuja kukichukua. Mkuu wa stesheni akakataa kukifungua, maana si chake. Akahamishwa, akaenda nacho. Akaoa, akahamishwa tena, mkewe akamuuliza kina nini, hakujua. Akazeeka, akastaafu, kifurushi bado kimefungwa kwa kamba yake ile ile, kiko juu ya kabati. Mwalimu alikipenda kitabu kile hata akawa hali chakula vizuri mpaka saa kumi ipite. Alinisimulia kila sura niliyoikosa, na mimi ambaye sijamaliza kitabu tangu nitoke shule nikawa natamani kujua ndani mna nini.

Na sasa sikilizeni mkosi. Elisante alikuwa amehamia Kigali kikazi, laini yake ya Kenya akamwachia baba yake. Kampuni ikatangaza ule utaratibu wake wa kuthibitisha. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na kitabu kilikuwa kimebakiza siku chache: mkuu wa stesheni alikuwa ameshaanza kuumwa, na alikuwa ametaja kisu. Mwalimu aliniambia, "Fundi, wakiizima wiki hii watakuwa wamenipofusha mara ya pili." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamwambia asubuhi nitakuja na gari, twende Namanga.

Tulipita Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, tukashuka Longido. Njia nzima nilimpa masomo. Akiulizwa anaishi wapi, aseme Ngong. Akiulizwa redio iko wapi, aseme Ngong, sebuleni. Asisalimie sana. Wenzetu simu ya ofisini hawasalimiani kama sisi. Ukianza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, wamekujua ulipotoka.

"Ngong mtaa gani?" akauliza.

"Usitaje mtaa, Mwalimu."

"Uongo usio na mtaa haujakamilika. Mwanafunzi akiniletea uongo wa namna hiyo nilikuwa namrudisha akautengeneze."

"Basi wewe sema Ngong tu."

"Nimewafundisha watoto wa watu wasiseme uongo, Fundi. Na leo Mpare ananipeleka mpakani kwenda kusema uongo kwa lafudhi."

Nilidhani anatania. Kosa langu lilikuwa hapo.

Namanga tulikaa kwenye benchi la kibanda cha chai, upande wetu. Nikasubiri simu ishike mtandao wa ng'ambo, nikapiga, nikaweka spika ili niweze kumgusa mguu akikosea. Ilipokelewa na sauti ya msichana. "Habari ya mchana, unaongea na Njeri, nikusaidie na nini?"

Mwalimu akakaa wima. "Hujambo mwanangu."

Nikamgusa mguu.

"Sijambo, mzee."

"Habari za tangu asubuhi? Kazi inaendaje? Wazazi hawajambo huko nyumbani?"

Nikamgusa kwa nguvu. Yule msichana akasema, taratibu, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hajaulizwa siku nyingi, "Baba yuko sawa. Mama ndiye anaumwa na mguu."

"Pole sana. Mguu upi?"

"Wa kushoto. Goti." Akakohoa, akarudi kazini. "Mzee, nataka tu kudhibitisha mahali redio iko."

"Iko Moshono, mwanangu. Iko dirishani."

Nilifunga macho. Njeri akauliza, "Moshono ni huko Kajiado, ama?"

"Hapana. Moshono iko Arusha."

"Mzee, laini inasumbua. Umesema Kajiado, si ndiyo?"

Sasa mnielewe, vijana. Yule binti alikuwa amemfungulia mlango. Mtu yeyote wa kawaida angepita. Mwalimu akainamia simu, akasema kwa upole na kwa sauti ya darasani, "Laini haisumbui, nakusikia vizuri sana. Nimesema Arusha. Mimi ni mzee kipofu, nimeletwa Namanga na Mpare mmoja nije nikudanganye, na ule uongo wenyewe alionifundisha nimeona haufai."

Mwenye kibanda aliacha kumimina chai.

"Haki mzee," Njeri akasema, "nikiandika hivyo itazimwa."

"Andika ulivyosikia. Usije ukapata matatizo kazini kwa ajili yangu. Lakini nina ombi. Kile kitabu kinachosomwa saa kumi, wewe unakisikia?"

"Redio iko hapa ofisini, huwa inaongea. Sijawahi kusikiliza kwa makini."

"Basi kisikilize. Zimebaki sura chache. Kuna kifurushi. Nataka kujua ndani kulikuwa na nini, hicho tu. Namba yangu ya Tanzania nakupa, uiandike." Akamtajia namba, tarakimu moja moja, akamwambia azirudie. Akazirudia.

Nilikasirika, siwafichi. Tuligeuza gari tukarudi mpaka Oldonyo Sambu. Hapo nikamwambia kwamba nimeacha kazi tatu za pesa ili kumnusuru, naye amejizima mwenyewe kwa mdomo wake, na huyo binti ana wateja mji mzima, hatapiga. Mwalimu akaniuliza kama mlima unaonekana. Nikamwambia umefunikwa na wingu. Akasema, "Lakini upo." Nikakanyaga mafuta.

Kesho yake redio ikazimwa. Taa yake ndogo iliwaka kama kawaida, sauti hakuna. Mpwa wake aliniambia kwamba saa kumi ilipofika Mwalimu alikaa mahali pake pale pale, mikono magotini, mbele ya chombo kisichosema kitu, mpaka muda wa kipindi ukaisha. Kesho yake akafanya vile vile. Iliniuma sana. Nilitafuta kila njia: dishi la bure, redio ya kawaida, kaseti za mahubiri. Nilivileta kimoja kimoja, akashukuru kwa kila kimoja, na hakukaa wima kwa hata kimoja.

Siku ya sura ya mwisho nilikuwa pale, nimeshika waya wa dishi la bure, nasukumasukuma tu muda. Ilikuwa karibu saa kumi. Simu ya Mwalimu ikaita, namba ya Kenya.

"Shikamoo," ikasema sauti ya msichana, kwa uzito wa mtu anayejaribu viatu vipya. "Mnasema hivyo huko, si ndiyo? Ni Njeri wa redio."

"Marahaba, mwanangu. Mama na goti lake?"

"Anatembea kiasi. Mzee, nimetoka ofisini, niko kwa dukawala hapa chini, ana redio kama yako. Ngoja niweke simu karibu. Usikate."

Tukasikia vyombo vikisogezwa, kisha sauti ile ya msomaji, nyembamba, inatoka kwenye redio yenye ruhusa, inaingia kwenye simu, inavuka Namanga. Mwalimu akakaa wima. Mimi nikakaa chini sakafuni na waya wangu. Leseni ilisema redio isitumike nje ya Kenya, na redio ilikuwa Kenya. Haikusema kitu kuhusu binti aliyesimama dukani amenyoosha mkono. Mkuu wa stesheni alikuwa kitandani. Akamwomba mkewe amteremshie kifurushi. Akaomba kisu. Akaweka kisu kwenye kamba. Hapo simu ikakatika.

Nilisema neno ambalo sikuwa nimelisema mbele ya mwalimu tangu nikiwa darasa la tano. Baadaye ikaita tena. Njeri alikuwa anahema. Salio lilikuwa limemwishia, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akakimbia kutafuta vocha. "Mzee, imeisha. Nimeisikia yote. Nikuambie?"

Nilisogea mpaka goti langu likagusa la Mwalimu. Nilimwona usoni kwamba kuna kitu anakipima.

"Usiniambie leo," akasema. "Niambie kesho."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kesho yake Njeri akapiga, wakaongea habari za mguu, mvua na bei ya mahindi, na alipofika kwenye kifurushi Mwalimu akasema, "Kesho, mwanangu." Wiki ikapita. Ikafika wakati Njeri anapiga kila Jumapili mchana, anamsomea gazeti la kwao, naye anamsahihisha Kiswahili chake bila huruma, wanabishana, wanacheka. Mara kwa mara binti alimtega: "Mzee, leo nikuambie?" Jibu lilikuwa lile lile.

Mimi ndiye niliyekuwa naungua. Siku moja nikamuuliza wazi, baada ya shida yote ile, safari ya Namanga na kila kitu, kwa nini hataki kumaliza.

"Fundi," akasema, "nilipokuwa na macho, kitabu kikiisha nilinyoosha mkono nikachukua kingine. Sasa nikikimaliza hiki nitachukua kipi?"

Nilikunywa chai yangu.

Miaka ilipita hivyo. Huduma yenyewe ile ya redio ikafa, Kenya na kwingine kote, vile vyombo vikabaki kuzuia milango. Simu zenu zikaja na vitabu na nyimbo na hiyo sentensi yenu. Njeri akaacha kazi ile, akaolewa, akapata watoto wawili, na Jumapili akaendelea kupiga. Elisante alimletea baba yake simu inayosoma vitabu vyenyewe kwa sauti. Mwalimu alisema inasoma vizuri, tatizo haina mama anayeumwa mguu.

Alipolazwa hospitali nilikwenda kumwona kila siku baada ya alasiri. Siku moja nilimkuta ametulia, mpwa wake amekaa pembeni. Akanijua kwa hatua. "Mpare, umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja kudai chai yangu, Mwalimu."

"Mpigie Njeri," akasema. "Mwambie sasa anaweza kuniambia."

Nilielewa. Mpwa wake akanitafutia namba kwenye simu ya Mwalimu, nikapiga. Njeri alipopokea nikampa ujumbe kama nilivyopewa. Nikaiweka simu sikioni kwa Mwalimu, bila spika, nikatazama dirishani. Aliongea naye kitambo. Nikamsikia anacheka kidogo, akasema, "Nilijua. Nilijua tangu stesheni ya pili." Kisha akasema, "Asante mwanangu. Msalimie mama."

Tulimzika Machame. Njeri alikuja na basi, mwanamke mfupi mwenye khanga aliyoinunua Namanga, na akatusalimia wote shikamoo, mmoja mmoja, hata wasichana waliokuwa wadogo kwake, hata mtoto wa jirani wa miaka saba. Wote waliitikia marahaba. Hakuna aliyemsahihisha, aliyekuwa na kazi hiyo hakuwepo. Mimi nililia pale, mbele za watu, na sikujificha.

Jioni nilimsindikiza kwenye kituo cha magari. Alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari alipogeuka. "Fundi Iddi, wewe hujawahi kuniuliza kilikuwa na nini. Nikuambie?"

Mnajua jinsi nilivyotaka kujua. Mpare hawezi kulala akiwa na swali.

Nikamwambia, "Niambie kesho."

Huwa anapiga Jumapili, baada ya adhuhuri.